Jitu Langu na Mikono ya Majirani

Jumatatu, 1 Juni

Nimeanza kuandika shajara. Watengenezaji filamu wakubwa wote lazima waliandika. Sijasoma popote, lakini naamini.

Leo Mwalimu Meinrad katutangazia habari nzito. Studio moja ya katuni huko Songea itachukua mwanafunzi wa darasa letu la filamu, mmoja tu, akae kwao mwaka mzima ajifunze kazi. Chumba atapewa, chakula atapewa, kompyuta kubwa atapewa. Mgeni wao atakuja Mbinga tarehe ishirini kutazama filamu zetu ukumbini. Atakayempendeza anaondoka naye.

Mwalimu alipotamka "mmoja" aliangalia upande wangu. Wenzangu wanadai alikuwa anaangalia dirisha. Sawa, nakaa karibu na dirisha. Lakini jicho la mwalimu nalijua.

Niseme kwa nini jambo hili halina mzaha. Baba yangu, Mzee Xaveri, yuko Maguu na mibuni yake na mashamba yake ya ngoro, yale mashimo ya kwenye miteremko ambayo babu zetu waliyachimba na sisi tunayachimba mpaka kiuno kigome kunyooka. Kanipa muda hadi mwisho wa mwezi huu. Kamwambia Shangazi Kunigunda, ambaye ndiye ninayekaa kwake hapa Mbinga, kwamba kijana wa miaka ishirini hawezi kukaa anachezea udongo darasani wakati kahawa inaivia mitini. Nikikosa Songea narudi Maguu kuchuma, na nikimaliza kuchuma nashika jembe. Filamu basi tena.

Sikosi.

Mpinzani ninaye mmoja: Scolastika, msichana wa Liuli. Haongei. Anachora, anafuta, anachora. Leo nimemchungulia. Anatengeneza filamu ya kuku. Kuku! Mtu atoke Songea na mizigo yake aje kutazama kuku! Filamu yangu mimi ni ya jitu linaloshuka kutoka milimani kwenda kulinywa Ziwa Nyasa lote, na sura ya jitu ni yangu. Nimemwambia Scolastika, kwa upole kabisa, kwamba hajachelewa kubadilisha. Kasema asante, akaendelea kufuta.

Jumatano, 3 Juni

Nimedhalilishwa mbele za watu!

Zoezi la leo: kutembeza mtu wa udongo. Unamsimamisha mezani, unapiga picha. Unamsogeza kidogo, unapiga nyingine. Ukiziendesha picha zote kwa kasi, mtu anatembea. Rahisi. Jitu langu lilivuka meza mapema kuliko la mtu yeyote. Mwalimu akaonyesha ukutani, akauliza darasa wanaona nini. Nikajibu mimi: mwendo wa kishujaa. Mwalimu akasema yeye anaona gunia la mahindi linaburutwa kwenda mashineni.

Darasa zima likacheka. Scolastika akatabasamu. Nimeliandika hapa tabasamu hilo lisije likapotea.

Mwalimu akasema hatujui kutembea kwa sababu tunatembea kila siku. Twende tukamchague mtu mmoja, tumtazame kisigino kinatua wapi, bega linaenda upande gani, uzito unahamaje. Nikamjibu kwamba mimi natembea tangu nikiwa mtoto mchanga, sihitaji kufundishwa. Akasema ndiyo, na muda wote huo sijawahi kutazama.

Haya. Nimemchagua Katekista Nicholaus, kwa sababu ni mrefu, ni mzito, na anatembea akianzia kiunoni. Nimemfuata kutoka sokoni. Akisimama, nasimama. Akigeuka, nasoma tangazo la sabuni kwenye ukuta wa duka. Nimelisoma tangazo hilo muda mrefu kuliko linavyostahili. Mlangoni pa kanisa akanisubiri. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akaniuliza ni nini kinachonisumbua rohoni. Sikuweza kumwambia kwamba nachunguza visigino vyake. Nikasema nilikuwa natafakari.

Akanishika bega, akasema ameelewa. Sina hakika kaelewa nini.

Ijumaa, 5 Juni

Kaelewa kwamba nina wito wa upadri.

Habari ilitangazwa jana kwenye Jumuiya ya sala: Pankras wa Kunigunda anataka seminari. Shangazi karudi analia kwa furaha, akachinja jogoo. Mimi nikala kwanza, ndipo nikamweleza. Paja la pili alilirudisha sufuriani huku nimeshalinyooshea mkono. Tangu hapo ananiita Padri kila anapotaka maji yachotwe.

Lakini kuna jambo lazima liandikwe. Leo nilikaa na jitu langu la udongo tangu asubuhi, nikikikumbuka kisigino cha Katekista. Kwanza kisigino. Halafu mguu wote unalala. Halafu bega linashuka kabla goti halijakunjika. Nikasogeza, nikapiga, nikasogeza, nikapiga. Jioni nikaendesha picha. Jitu likapiga hatua! Hatua ya kweli, yenye uzito, unaona kabisa kwamba meza inaumia. Nilipiga kelele peke yangu darasani, nikaiendesha tena na tena mpaka simu ikazimika. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe.

Halafu nikapiga hesabu. Kutwa nzima, hatua moja. Jitu likitembea mpaka ziwani kwa mwendo huu litafika Krismasi, likiwa na kiu. Sanaa haiwezi kuendeshwa hivi. Njia ya mkato ipo, lazima iwepo, watu hawajaitafuta tu kwa sababu wanapenda kuteseka.

Jumanne, 9 Juni

Darasa zima tumeshuka Mbamba Bay kujifunza kupiga video. Kule chini ni joto, si kama kwetu juu, na pwani yote inanukia usipa, dagaa wa ziwa letu, waliotandazwa juani. Zoezi: kila mtu achague kitu kimoja, akielekezee simu, asitikisike mpaka Mwalimu apige filimbi.

Kitu kimoja! Mtu mwenye upeo wangu! Nimepiga ziwa. Nimepiga milima. Nimepiga bandari, mitumbwi, akina mama wa usipa na watoto wanaoogelea. Nimepiga Malawi, ambayo haikuonekana kwa ukungu, lakini nimepiga pale ilipo. Nimejipiga na mimi mwenyewe nikiwa nimeingia majini hadi magotini, nimekunja uso.

Tumezitazama kazi zetu kwenye jengo la shule tuliloazimwa. Yangu ilipofika katikati, Tadea, aliyekaa benchi la mbele, alitoka nje kutapika. Mwalimu anasema ni kwa sababu mkono wangu haukutulia. Mimi nasema filamu yangu imegusa mtazamaji.

Ya Scolastika: kuku mmoja na kichanja cha usipa. Kuku anaangalia kushoto. Anaangalia kulia. Anadonoa usipa mmoja. Anaondoka taratibu kama mtu aliyetoka misa. Basi, hakuna zaidi. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Na mimi nilicheka, lakini kwa bahati mbaya.

Wakati wa kupanda gari nimemwambia Scolastika kwamba kuku wake hana lengo. Kasema lengo analo, kula usipa. Jibu lake lipo. Nalitafuta.

Alhamisi, 11 Juni

Nimeipata! Njia ya mkato nimeipata!

Asubuhi nilikuwa nje napiga mswaki, mbele yangu kahawa ya Shangazi. Imeshamenywa, imechachushwa, imeoshwa, imetandazwa kwenye vichanja virefu vilivyo kando ya njia, nyeupe na safi. Nikaacha mswaki mdomoni. Ile si kahawa. Ile ni skrini!

Mpango ni huu. Nachukua kahawa mbivu nyekundu, naipanga juu ya ile nyeupe mpaka napata jitu zima limelala. Juu yake naitundika simu kwenye mti wa mkaratusi, naifunga kwa mpira wa baiskeli. Ipo programu inayopiga picha yenyewe kila baada ya muda mfupi. Jua linapanda, kivuli cha kila punje kinahama. Ukiziendesha picha kwa kasi, jitu linahema, linatikisika, linataka kuinuka! Sisogezi chochote. Jua ndilo kibarua wangu. Scolastika achore manyoya yake mpaka uzeeni.

Nikamwomba Shangazi ruhusa. Akaniuliza kama najua kinachoipata kahawa safi ikikaa pamoja na nyekundu. Najua. Inashika doa, na kule kwenye chama cha ushirika wapokeaji wanakunja pua. Nikamwambia sanaa ina gharama zake. Hakuuliza gharama hizo zinamwangukia nani. Aliendelea kugeuza kahawa, halafu akasema nichukue kichanja kikubwa siku ya Jumamosi, mwisho adhuhuri, kwa sababu jua likiwa kali yeye hufunika.

Akaniuliza tu nitawazuiaje watu. Maana hapa kwetu hakuna anayepita kwenye kichanja cha mwenzake bila kutia mkono akageuza kidogo, kahawa isishike unyevu upande mmoja. Mwenye haraka anageuza. Mlevi anageuza. Waliogombana hawasalimiani, lakini wanageuziana. Nikamjibu Shangazi kwamba watu wakiona sanaa wataiheshimu.

Shangazi alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi, 13 Juni

Wauaji.

Niandike kwa mpangilio. Niliamka kungali na ukungu. Nilipanga jitu punje kwa punje. Shati jekundu, mikono mipana, miguu iliyotanuka. Uso niliupanga mwisho, na nilikaa nao muda mrefu, maana uso wangu si mwepesi. Paji, pua, midomo, kidevu nilichokiinua kidogo juu. Vidole vilikufa ganzi kwa baridi. Lilipokamilika nilirudi nyuma hatua chache nikalitazama, nikasema moyoni: Songea, nakuja. Nikawasha simu, nikaunganisha pawabenki, nikaiacha ifanye kazi.

Nikaenda kwa kinyozi. Mtu anayehamia studio hawezi kwenda na kichwa cha Maguu.

Kwa kinyozi palikuwa na foleni na nilikuwa na mengi ya kuwasimulia watu. Nikarudi jua limeshapanda. Turubai limefunika kichanja. Nikalifunua.

Miguu hakuna! Mikono hakuna! Shati limekwisha, hata kola! Kahawa imegeuzwa vizuri sana, nyeupe tupu, imelainishwa kila pembe. Kilichobaki ni uso wangu peke yake, juu kule, umeinua kidevu.

Shangazi alikuwa anachambua maharage kivulini. Akaniletea kopo lililojaa punje nyekundu, akasema zangu hizo, watu wamenitolea. Wamenitolea! Nikauliza nani. Akasema watu, baba, wapitaji tu. Nikapiga ukelele uliowatoa bata wa jirani bandani. Shangazi akasema nimenyolewa vizuri.

Kuhusu uso kubaki nimeshapata maelezo. Walifika hapo wakauogopa.

Jumapili, 14 Juni

Nimezitazama picha zote kwenye simu yangu, ingawa kioo kimepasuka na usoni pa jitu ndipo ufa unapopita. Ni mikono tu. Mkono unaingia, unageuza, unachagua punje nyekundu, unatoka. Mwingine unaingia. Hakuna hata mmoja aliyesita! Nimewatambua wote. Mama Ottilia, jirani wa juu, kwa bangili yake ya shaba. Avelina muuza vitumbua, kwa unga. Katekista Nicholaus kwa rozari aliyoizungusha kiganjani. Katekista alitoa punje moja gotini, akaifuta, akaitia mdomoni akaifyonza utamu. Ninao ushahidi.

Baada ya misa nimewasubiri nje, mmoja mmoja. Shikamoo kwanza, halafu mashtaka. Mama Ottilia kanijibu kwamba aliona kahawa ya Kunigunda imechanganyika na nyekundu, akadhani macho ya mwenzake yameanza kuchoka, akamsaidia, na hakutaka hata ashukuriwe. Avelina kasema yeye alitoa nyingi kuliko wote. Katekista kaniuliza kama bado natafakari.

Hakuna aliyejuta. Hakuna! Wamebaki wananitazama mimi kama mwenye kosa.

Vizuri. Muda wa kupanga jitu jingine haupo, Shangazi kasema kahawa ikichezewa tena haitauzika. Basi nitaonyesha hizo hizo picha. Nitazitia sauti yangu, nitamtaja kila mmoja kwa jina na kiungo alichokiua. Watakuwa wote ukumbini, watajiona ukutani wakubwa kama nyumba, na mgeni wa Songea ataona msanii anavyoteswa Mbinga. Jina la filamu nimeshalipata: Mikono Iliyoua Jitu.

Alhamisi, 18 Juni

Nimekata na kuunganisha picha siku nzima kwenye kompyuta ya darasa. Nimegundua kitu, na nimekigundua mwenyewe. Ukikata mkono unapoingia tu, mtazamaji anabaki na shauku. Ukiuacha hadi utoke, anapumua. Nimewakata wengine hivi, wengine vile, nikaona filamu nzima imeanza kuhema. Sikuinuka hata kwenda kula.

Kisha nikarekodi sauti. Nilitumia sauti ya hakimu.

Mwalimu Meinrad katazama. Aliegemea kiti, akafumba macho mpaka nikadhani kalala. Kisha akasema hiki ndicho kitu bora nilichowahi kumletea, na akaniomba niiondoe sauti. Niiondoe sauti! Watajuaje sasa kwamba ni wahalifu? Akasema basi angalau niitazame mara moja bila sauti, kwa makini, hasa mwishoni. Nikamwambia nimeshaiona mara nyingi kuliko yeye. Akasema anajua.

Scolastika alikuwa pembeni anamalizia kuku wake wa karatasi. Alichungulia kioo cha kompyuta, akafungua mdomo, akaufunga. Wivu.

Jumamosi, 20 Juni

Ukumbi ulijaa. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani. Mgeni wa Songea ni mama mmoja anayeitwa Gaudiosa, miwani mikubwa, hasemi sana. Shangazi alikaa mbele na kitenge chake cha sikukuu. Mama Ottilia, Avelina, Katekista, washtakiwa wote walikuwepo. Nami katikati ya benchi, kichwa kimenyolewa.

Kuku wa Scolastika alitangulia. Alikuwa wa karatasi, lakini alitembea kwa uzito wake wote, na kila alipoangalia pembeni ukumbi mzima uliangalia pembeni naye. Walipiga makofi sana. Nami nilipiga, kwa adabu.

Kisha yangu. Jitu likatokea, jekundu, kubwa, watu wakashangilia. Nikasema moyoni, subirini. Mkono wa kwanza ukaingia. Sauti yangu ikanguruma: huyu ni Mama Ottilia, muuaji wa goti la kushoto! Nilitegemea ajifiche. Alisimama! Akapunga mkono wenye bangili, ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Avelina alipotokea alisimama kabla sijamtaja. Katekista alipofyonza ile punje watu walianguka kutoka kwenye mabenchi. Mzee mmoja ambaye hakuwemo alidai na yeye yumo. Kila mtu alitaka kuonekana kaua kiungo!

Nilikuwa natafuta njia ya kupanda jukwaani kuwakemea. Ndipo ukaingia mkono wa mwisho.

Mkono huo niliujua, una kidole cha shahada kilichopinda tangu kilipobanwa na mashine ya kumenyea kahawa. Sauti yangu ikatangaza: na huyu ni Shangazi yangu Kunigunda, msaliti mkuu. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha. Kwenye shuka mkono ulikuwa mkubwa, hauna ufa wa kioo cha simu, na safari hii sikuwa natafuta pa kukata. Ulikuwa unageuza kahawa kuuzunguka uso. Unapenyeza kidole kati ya punje na punje, kwenye kope, chini ya pua, unageuza ile nyeupe, na nyekundu haigusi. Punje moja ya kidevuni iliteleza. Ule mkono ukairudisha mahali pake. Uliondoka, ukarudi, ukarudi tena. Mwisho ukavuta turubai polepole, ukaufunika uso kama anavyofunikwa mtu aliyelala.

Na sauti yangu muda wote huo inaendelea kumtukana mbele ya watu.

Niliona aibu. Naandika hivyo hivyo, sina namna nyingine. Nilitaka kwenda kuizima mashine lakini benchi lilikuwa limejaa pande zote. Shangazi hakugeuka. Niliona mgongo wake tu.

Taa zikawashwa. Mama Gaudiosa akatuita mbele, mimi na Scolastika. Akasema nafasi ni moja na moyo wake umegawanyika, kwa hiyo atamwuliza kila mmoja swali moja tu: katika filamu yako, umeona nini? Scolastika alifikiri, akasema kuku wake alikuwa anaogopa na hakutaka ijulikane kwamba anaogopa.

Zamu yangu. Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa hapa, kwenye ulimi, zima. Shangazi alikuwa ananitazama. Lakini pale pale Mama Ottilia akaanza tena kupunga bangili, watu wakacheka, nikawaona wote wanavyolifurahia kaburi la jitu langu, damu ikanipanda. Nikasema filamu yangu ni ya jitu. Nikasema mikono ni kasoro, na nikifika Songea nitaifuta yote kwa ile kompyuta kubwa.

Mama Gaudiosa akavua miwani. Akauliza, taratibu, hata ule wa mwisho?

Nikasema, hata ule.

Kaondoka na kuku.

Jumatatu, 22 Juni

Sijatoka nje. Nimefikiri sana. Kosa si langu. Swali lilikuwa baya, ukumbi ulikuwa na joto, na Songea kwenyewe ni mbali.

Leo Scolastika kaja kuaga, kesho anamfuata Mama Gaudiosa Songea. Nilimwona dirishani. Kabla hajabisha hodi alipita kwenye vichanja vyote vya Shangazi, akageuza kahawa. Kasema ataniandikia, atanielekeza atakachojifunza huko, na kwamba siku ile ya kompyuta alitaka kuniambia kuhusu ule mkono akaogopa nitamfokea. Nikamwambia nisingemfokea. Nilisema kwa sauti kubwa kidogo.

Kisha nikamwambia, kwa faida yake, kwamba bawa la kushoto la kuku wake linachelewa. Akasema kweli, ameliona. Akanishukuru! Mtu wa namna hiyo huwezi kumshinda.

Jumatano, 24 Juni

Baba kapiga simu. Kapata habari zote, na za jogoo pia. Kasema Jumapili nipande gari la Maguu, kahawa inadondoka.

Shangazi akainyakua simu mkononi mwangu. Akatoka nayo nje. Nilisikiliza kupitia dirishani. Alimwambia kaka yake kwamba Pankras haendi popote msimu huu, kwamba mtoto yule juzi aliwafanya watu wote wa ukumbini waitazame mikono yao, na kwamba kama ni mchumaji anayetakiwa Maguu atamlipia kibarua kwa kahawa yake mwenyewe. Baba alisema maneno mengi. Shangazi alisema yake machache, akakata.

Nilitaka kumwomba radhi kwa lile neno msaliti, nikaanza, akaniambia niache, nimfuate.

Kanipeleka hadi kichanja cha mwisho, kile kikubwa cha kando ya migomba. Kahawa yote kaiondoa, kairundika kwenye vile vingine kwa kubanana. Kasema hiki ni changu mpaka msimu uishe. Nipange jitu, nipange shetani nikipenda, yeye hatatia mkono, na majirani kesho atapita nyumba kwa nyumba kuwaomba.

Nimekizunguka. Nimekipima kwa hatua. Nimelala juu ya udongo pembeni yake kulinganisha. Ni kifupi! Jitu langu la safari hii halienei, litakatikia magotini, na jitu lisilo na magoti litafikaje ziwani? Nimemwambia Shangazi ukweli, maana kazi hii haitaki unafiki: kimoja hakitoshi. Nahitaji vitatu vilivyounganishwa, na ile njia ya wapitaji ifungwe kabisa.

Kanitazama muda mrefu. Kisha kachukua ungo, kaenda kuanza kuondoa kahawa kwenye kichanja cha pili.

Bado kimoja.